Ushauri wa Malezi na Namba ya Till

Mama aliyejifungua juzi katika hospitali ya rufaa ya Meru, akarudi nyumbani kwake mtaa wa Kaaga, hahitaji kungoja siku ya kliniki ili apate mawaidha. Akiwasha simu anayakuta tayari: namna ya kumlaza mtoto, dawa ya chango, unga wa uji wa miezi sita, mafuta ya ngozi, nepi zisizovuja, hata shule ya chekechea ya miaka mitatu ijayo. Mengi yametoka kwa mama mwenzake, yameandikwa au yamesemwa mbele ya kamera kwa Kiswahili chepesi kinachochanganyika na Kimeru na Kiingereza, na pembeni yupo mtoto mnene anayecheka. Chini ya picha kuna namba ya till, ya kulipia kwa simu.

Namba hiyo ndiyo inayowagawa watu. Wapo wanaoiona kama usaliti. Wanakumbuka jinsi wanawake walivyoanza kusimuliana mitandaoni shida zao za usiku, chuchu zilizopasuka, mume asiyeamka, mama mkwe asiyeridhika, bila yeyote kutaka kitu kwa mwenzake. Sasa kila simulizi inaishia kwenye bei. Wapo wanaojibu kwamba daktari hulipwa, mwalimu hulipwa, na mhubiri hutolewa sadaka, basi kwa nini mama peke yake atoe maarifa yake bure? Wengi wana hisia zote mbili kwa pamoja. Wanamshukuru mama wa mtandaoni aliyewatoa machozi ya wiki ya kwanza, na papo hapo wanahisi wametapeliwa wanapogundua kwamba sabuni aliyoisifu alikuwa amelipwa aisifu.

Mimi nasimama upande wa mama anayelipwa, kwa masharti mawili ambayo biashara hii bado haijayakubali: msomaji ajue nani ametoa pesa, na mtoto asiwe sehemu ya mtaji.

Kaaga ni mahali panapofaa kuanzia uchambuzi huu, kwa sababu hapa ushauri wa malezi unaotoka nje ya ukoo una umri wa zaidi ya karne. Wamisionari wa Kimethodisti waliingia Meru mwaka 1912, na Kaaga ikawa mojawapo ya vituo vyao vikuu: kanisa, shule, vyuo vya mafunzo, na hatimaye Chuo Kikuu cha Methodist cha Kenya, KeMU, kilichopata hati yake ya serikali mwaka 2006. Pamoja na Injili yalikuja mafundisho ya usafi, ya ndoa na ya kulea. Mwanahistoria Lynn Thomas, katika kitabu chake cha mwaka 2003, Politics of the Womb, ameonyesha jinsi uzazi wa wanawake wa Meru ulivyogombaniwa karne nzima na wamisionari, maofisa wa kikoloni, wazee wa baraza la Njuri Ncheke na wanawake wenyewe. Mwaka 1952 kikaundwa chama cha Maendeleo ya Wanawake. Vikundi vyake vijijini vilifundisha upishi, ushonaji na utunzaji wa watoto, na wakati huo huo serikali ya kikoloni ilivitumia kuwavuta wanawake wasiwasaidie Mau Mau.

Naitaja historia hii kwa sababu wanaolalamikia biashara ya leo husema kana kwamba zamani ushauri wa malezi ulikuwa safi, hauna mkono wa mtu nyuma yake. Haujawahi kuwa hivyo. Misheni ilitaka waumini, serikali ilitaka utulivu, na hata nyanya ana lake: anataka mjukuu alelewe vile alivyolea yeye, ili kazi yake ya miaka mingi isionekane ilikosewa. Biashara nayo ni ya kale. Maji ya chango ambayo nyumba nyingi za Kenya huyajua kwa jina la Gripe Water yalibuniwa na mfamasia Mwingereza, William Woodward, katikati ya karne ya 19, yakauzwa duniani kote kwa akina mama waliochoshwa na vilio vya usiku, na kwa miongo mingi yalikuwa na kileo ndani. Kilichobadilika ni kwamba zamani mshauri alijulikana ametumwa na nani. Mwalimu wa misheni alivaa misheni yake. Muuguzi alivaa sare. Leo mtumaji amejificha, na mjumbe wake ni mama mwenzako.

Kwa nini akina mama wakahamia kwenye simu? Sababu ya kwanza ni kliniki yenyewe. Muuguzi mwenye foleni ya akina mama hadi mlangoni hana nafasi ya kumsikiliza mmoja kwa nusu saa. Anapima uzito, anachora nukta kwenye kijitabu cha mama na mtoto, anachanja, anaita mwingine. Mwaka 2017 wauguzi wa hospitali za umma waligoma kwa takriban miezi mitano, kuanzia Juni hadi Novemba, na maelfu ya wanawake wakazaa na kulea katika kipindi ambacho mlango wa zahanati ulikuwa umefungwa. Kitu kinapokosekana kwa miezi mitano, watu hutafuta kingine, na wakikipata hawarudi wote.

Sababu ya pili ni umbali. Kaaga imejaa wanawake vijana waliokuja kusoma, kufundisha, kufanya kazi za ofisini au kuolewa, na mama zao wako Igembe, Tharaka, Embu au ng'ambo ya nchi. Nyanya yuko kwenye simu, na kwenye simu anashindana na watu wengine wote waliomo humo. Sababu ya tatu ni aibu. Yapo maswali ambayo mwanamke hawezi kumuuliza mama mkwe: huzuni inayomjia baada ya kujifungua, hamu ya tendo la ndoa iliyopotea, mkojo unaomtoka akipiga chafya. Kumwuliza mgeni asiyekujua ni rahisi zaidi. Katika mambo haya mama wa mtandaoni amefanya kazi ambayo hakuna mtu mwingine aliyekuwa akiifanya, na aliifanya kwa miaka mingi bila senti.

Basi pesa zilipoingia, hazikuwaendea watu wasiostahili. Kuandika, kupiga picha, kuhariri video usiku mtoto akiwa amelala na kujibu maswali mia ya watu wenye hofu ni kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama aliyeajiriwa miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye malipo. Anayeuza nguo Gakoromone, anayesuka nywele Makutano, mwenye shahada ya KeMU ambaye bado anasaka kazi, hao hawana likizo yoyote. Kwao simu ni duka lisilo na kodi ya nyumba. Wanapata chao kwa njia kadhaa: kampuni inamlipa mwenye wafuasi wengi aitaje bidhaa yake, mwenye wafuasi wachache anapewa katoni ya nepi, mwingine anauza mwenyewe unga, nguo za mtumba za watoto au kitabu cha mapishi kinachotumwa kwenye WhatsApp ukishalipa, mwingine anatoza kiingilio cha kundi la darasa la mlo wa mtoto. Juu ya hayo kuna mgao wa matangazo kutoka kwa mitandao yenyewe. Mnamo Machi 2024 mkuu wa masuala ya kimataifa wa Meta wakati huo, Nick Clegg, alikuwa Nairobi akitangaza kwamba Wakenya wanaotimiza masharti wataanza kulipwa kwa wanachochapisha Facebook na Instagram.

Serikali imeshaikubali kazi hii kwa namna inayoijua vizuri zaidi. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya maudhui ya kidijitali. Ikiwa mama anatozwa kodi kama mfanyakazi, hakuna haki ya kumwambia kwamba anachofanya ni umbeya wa kujifurahisha. Na wanaomkemea kwa kulipwa, mara nyingi, hawakemei mabingwa wa kiume wanaochambua kandanda na magari kwa pesa za makampuni. Mama anatarajiwa kutoa bure kwa sababu ni mama. Hoja hiyo naikataa kabisa.

Tatizo linaanzia pale malipo yanapofichwa, na hapa historia ina somo ambalo kila mzazi wa Meru anapaswa kulijua. Katika miaka ya 1960 na 1970, kampuni za maziwa ya kopo ziliajiri wanawake, wakavaa nguo nyeupe zinazofanana na za wauguzi, wakatembelea wodi za wazazi katika nchi nyingi za Afrika na Asia. Walimshika mama mkono, wakamfundisha kumwogesha mtoto, na kabla ya kuondoka wakamwachia kopo. Mama alidhani ametembelewa na hospitali. Maziwa yake yakakauka kwa kutonyonyesha, kopo likaisha, na la pili lilikuwa la kununua. Maskini akalichanganya na maji mengi ili lidumu, na maji hayakuwa safi. Mwaka 1974 shirika la War on Want la Uingereza lilichapisha kijitabu The Baby Killer kuyafichua hayo, ikafuata kampeni ya kususia bidhaa za kampuni ya Nestlé, na Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha kanuni za kimataifa za uuzaji wa maziwa mbadala kwa kura 118 dhidi ya moja. Kura hiyo moja ilikuwa ya Marekani.

Kenya ilichukua miaka mingi kuzigeuza kanuni hizo kuwa sheria yenye meno. Ilifanya hivyo mwaka 2012, kwa sheria ya kudhibiti vibadala vya maziwa ya mama, inayokataza matangazo, sampuli za bure na vishawishi kwa wahudumu wa afya. Matokeo ya jitihada zote za kuhimiza unyonyeshaji, sheria ikiwa mojawapo tu, yanaonekana kwenye takwimu za kitaifa: watoto walio chini ya miezi sita walionyonyeshwa bila kupewa kitu kingine walikuwa asilimia 32 katika uchunguzi wa 2008-09, wakafika asilimia 61 mwaka 2014, na asilimia 60 mwaka 2022. Yaani tulipanda kwa kasi, kisha tukasimama.

Wakati sisi tumesimama, biashara ilihama. Aprili 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyochunguza machapisho milioni 4 ya mitandaoni kuhusu ulishaji wa watoto wachanga, yaliyotolewa katika miezi sita ya kwanza ya 2021. Yaliwafikia watu bilioni 2.47. Ripoti ilieleza njia ambazo kampuni za maziwa hutumia: vilabu vya wazazi, programu za simu, mashindano ya zawadi, huduma za ushauri, na washawishi wanaolipwa. Soma orodha hiyo tena ukiwa na wodi ya mwaka 1970 akilini. Mwanamke wa nguo nyeupe amerudi, safari hii bila sare, na amekaa sebuleni kwako kwa sababu wewe mwenyewe ulimfuata. Sheria ya 2012 ni rahisi kuisimamia kwenye bango la barabarani. Kuisimamia ndani ya kundi la WhatsApp lenye akina mama mia mbili, ambapo mmoja anasema tu kwamba kopo fulani lilimsaidia mwanawe kulala, ni kazi nyingine kabisa. Nani atajua alilipwa?

Marekani walilazimika kulijibu swali hili mapema, akina mama wa huko walipoanza kupata riziki kwa maandishi ya malezi. Tangu Desemba 2009 kanuni za tume yao ya biashara zinamtaka anayeandika mtandaoni aseme wazi kama amelipwa au amepewa bidhaa bure. Kwetu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza madai ya uongo na ya kupotosha kwa mnunuzi, lakini mama wa kawaida wa Kaaga hajawahi kuona mtu akiitumia kwa ajili ya sifa za unga wa uji.

Na tuuzungumzie unga huo, maana kwetu ndio moyo wa jambo. Maziwa ya kopo ni ghali, wengi hawayawezi. Unga wa uji kila mtu anaununua. Ukipita kwenye kurasa za akina mama wa Meru na Embu utakuta unga wa watoto wenye vitu saba, tisa, hata kumi na viwili: wimbi, mtama, mahindi, ngano, mchele, soya, njugu karanga, mbegu za mchicha, mbegu za malenge, ndizi kavu, mihogo, na omena juu yake. Kadiri orodha inavyorefuka ndivyo unga unavyosifiwa. Ahadi zake hazitofautiani: mtoto ataongeza uzito, ataacha kuugua, atakuwa na akili.

Wataalamu wa lishe nchini wamekuwa wakionya dhidi ya mchanganyiko huo kwa muda mrefu, na sababu zao si ngumu kueleweka. Nafaka na jamii ya kunde zina viambato vinavyoitwa faiteti, ambavyo hushika madini ya chuma na zinki tumboni na kumzuia mtoto asiyapate. Kurundika nafaka saba hakuongezi madini, kunaongeza kizuizi. Mtoto akipata vipele au kuhara, hakuna anayeweza kujua ni kipi kati ya vitu tisa kilichomdhuru. Njia ya kupunguza faiteti ni kuloweka, kuotesha na kuchachusha nafaka. Uji uliochachushwa wa wimbi na mtama, ambao nyanya wa Meru waliupika kabla ya kuwapo duka la unga, ulikuwa na maarifa hayo tayari. Hauna mfuko wenye picha, kwa hiyo haumo kwenye simu.

Kuna hatari nyingine nzito zaidi. Mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri huota kuvu inayotoa sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004, katika maeneo ya Ukambani, sumu hiyo iliwapata watu 317 na kuua 125 kati yao. Kwetu tatizo hilo si geni: watafiti wameendesha jaribio katika kaunti za Meru na Tharaka-Nithi, ambapo familia zenye watoto wadogo zilibadilishiwa mahindi yenye sumu kwa mahindi salama. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Sumu ilipungua katika damu ya watoto, lakini mwishoni mwa jaribio urefu wao haukuonyesha tofauti iliyotarajiwa. Watafiti waliyaandika yote mawili, la furaha na la kuvunja moyo. Hivyo ndivyo ujuzi wa kweli unavyosema. Anayeuza unga kwa simu hawezi kusema hivyo na bado auze. Yeye anasaga karanga za soko asilolijua, mfuko hauna alama ya Shirika la Viwango la Kenya, na anaahidi kilo mbili kwa mwezi.

Simwiti mwovu. Mara nyingi anamlisha mwanawe unga huo huo, na anauamini. Lakini imani yake haipimi sumu, na wafuasi elfu kumi hawaigeuzi kuwa maabara.

Hata hivyo, uharibifu mkubwa wa biashara hii sidhani kama uko kwenye uongo. Uko kwenye yale yasiyosemwa. Ili kitu kiuzike lazima kwanza mtu aone pengo. Mtoto mwembamba aliyezaliwa na wazazi wembamba, ambaye nukta zake kwenye kijitabu zinapanda vizuri mwezi hadi mwezi, ghafla anaonekana ana upungufu, kwa sababu mtoto wa kwenye picha ana mashavu. Mama aliyejifungua kwa upasuaji anauziwa kitu cha kurudisha tumbo. Anayenyonyesha vizuri anauziwa chai ya kuongeza maziwa. Na hakuna kampuni itakayomlipa mtu aseme kwamba yai, ndizi iliyopondwa, parachichi la nyuma ya nyumba, minji na viazi vya shamba, na omena zilizopikwa siku hiyo, vinamtosha mtoto wa miezi minane. Meru ina rutuba ya kutosha kwa mlo huo. Lakini shamba halina bajeti ya matangazo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye simu kizuri kimekaa kimya shambani, kwa sababu kinachopandishwa juu ni kile kilicholipiwa.

Ukimya huo una ubaya mwingine: unamgeuza msimuliaji mwenyewe. Mama aliyepata sifa kwa kusema ukweli mchungu, kwamba alilia, kwamba alimchukia mume wake kwa wiki mbili, akishapata mkataba wa sabuni hawezi tena kulia ovyo. Kampuni inataka nyumba safi na mtoto mwenye furaha. Wasomaji wake wanaona mabadiliko kabla yeye hajayaona. Nadhani hapo ndipo uchungu wa wengi unapotoka, zaidi ya hasira juu ya pesa: walikuwa na rafiki, sasa wana duka. Siwezi kuupuuza uchungu huo.

Sasa tumfikie mtoto. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe. Ukishazaa wewe ni Mama Mwenda au Mama Makena, na jina la ofisini linabaki ofisini. Ni desturi nzuri, yenye heshima. Lakini mama akianza biashara ya malezi chini ya jina analoitwa mtaani, jina la mtoto ndilo linalokuwa jina la duka. Uso wake unakuwa nembo. Homa yake inakuwa habari ya leo, na siku alipojikojolea shuleni inakuwa video ya kuchekesha. Majirani wa Kaaga wanajua anasoma wapi kwa sababu sare inaonekana. Akifika miaka kumi na mitano, yeye na wenzake darasani wataweza kuyatafuta yote hayo na kuyapata.

Mastaa ndio waliofungua njia. Mwaka 2015, Diamond Platnumz na Zari Hassan walipopata binti, mtoto huyo alikuwa na akaunti yake ya Instagram tangu uchanga, na Afrika Mashariki nzima ikamfuata. Nairobi zipo familia ambazo kazi yao ni kuonyesha maisha ya nyumbani, ile ya Kabi na Milly WaJesus ikiwa maarufu kati yake. Majina ya watoto wao sitayaandika hapa, ingawa yanajulikana. Mama wa Kaaga anawaiga hao akiwa na wafuasi mia tatu, bila ukuta mrefu, bila mlinzi, bila wakili wa kusoma mkataba.

Sheria zetu hazijanyamaza kabisa. Katiba ya 2010 inalinda faragha katika kifungu cha 31, na katika kifungu cha 53 inasema maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtoto zitumiwe kwa idhini ya mzazi au mlezi na kwa namna inayolinda haki na maslahi ya mtoto. Mnamo Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitangaza faini ya shilingi milioni 4.55 kwa shule moja ya Uthiru, Nairobi, kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Wazazi wengi walifurahi, na walikuwa na haki. Ila tuliangalie jambo hili kwa makini: sheria inamwomba mzazi idhini, ikiamini kwamba mzazi anasimama kati ya mtoto na mwenye kamera. Mzazi akiwa ndiye mwenye kamera, na ndiye anayepokea malipo, anasimama kati ya nani na nani?

Ufaransa ililijibu swali hilo kwa sheria ya Oktoba 2020: mtoto anayetumika kwenye video za biashara analindwa kama mtoto mwigizaji, sehemu ya mapato inawekwa akiba kwa jina lake, na yeye mwenyewe anaweza kudai picha zake zifutwe. Jimbo la Illinois, Marekani, lilifuata kwa sheria iliyoanza kutumika Julai 2024. Mwaka huo huo, Februari, mahakama ya Utah ilimhukumu kifungo Ruby Franke, mama aliyepata umaarufu kwa video za familia yake, baada ya kukiri kuwatesa watoto wake. Si haki kumfananisha kila mama anayepiga video na mtu huyo. Ninamtaja kwa sababu mamilioni waliitazama nyumba yake kwa miaka mingi, na kutazamwa huko hakukuwalinda watoto.

Kanuni za namna ya Ufaransa zinafaa Kenya pia, mradi zianzie kwa wenye mikataba mikubwa. Zikianzia kwa mwuza unga wa Kaaga zitakuwa rungu la askari wa kaunti, na tumeshaona rungu hilo linavyotumika kwa wachuuzi wa barabarani. Kampuni inayotoa pesa ndiyo ibanwe kwanza: yenyewe ina wanasheria, ina risiti, na inajua imemlipa nani. Bunge likitaka kufanya jambo moja tu, liagize kila tangazo la bidhaa ya mtoto mtandaoni litaje aliyelipa kwenye mstari wa kwanza, si chini kabisa baada ya alama kumi za kupendeza, na faini imwangukie mwenye bidhaa.

Upande mwingine wa mizani tumeuacha ukiwa mwepesi mno. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 kote nchini, wakapewa mikoba ya vifaa na simu. Posho yao ilipangwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, serikali kuu na kaunti zikigawana. Mtu huyo anatembea kwa miguu katika matope ya Kaaga, anajua mtoto yupi hajachanjwa, na kazi yake si kukuuzia kitu. Mama mwenye wafuasi wengi anaweza kulipwa zaidi ya posho hiyo kwa picha moja ya sabuni. Nchi inayomlipa hivyo mshauri wake mwaminifu haiwezi kushangaa ushauri ukihamia kwa anayelipwa na kampuni.

Kwako mama unayeuza: endelea kuuza, jilishe na ulishe wanao. Andika juu kabisa kwamba umelipwa. Kabla hujauza karanga zilizosagwa, ziwe zimepimwa. Tafuta jina la biashara lisilo la mwanao, na uso wake uuondoe. Kwako unayenunua: kijitabu cha mama na mtoto kimo kabatini, na mhamasishaji wa afya wa mtaa wako ana kazi ya kutembelea nyumba kama yako, bila malipo. Muulize yeye kwanza, kisha ndipo utume pesa.